Wifi anataka niuze sukari ya UTI, na mimi sijui kama ndiyo iliyonipa nafuu

KWA SOMO

Assalaam aleikum Somo,

Mimi ni mwanamke wa miaka 31, nimeolewa na nina watoto wawili. Kwetu ni Pemba, shamba, upande wa Wete, lakini tangu niolewe naishi Unguja, Fuoni. Nakuandikia wewe kwa sababu jambo hili sina wa kumwambia. Kila aliye karibu ni mtu wangu au mtu wao.

Tangu nijifungue mtoto wa pili nasumbuliwa na UTI. Inakuja, nakunywa dawa, inaondoka, halafu baada ya mwezi au miwili inarudi palepale. Mkojo unachoma, naenda chooni mara kwa mara na kinachotoka ni matone. Mara nyengine mkojo unakuwa na wekundu. Mwanzo nilikuwa naenda kupima, lakini nilipoizoea nikawa napita duka la dawa tu, maana dalili zake nazijua. Mavyaa aliwahi kusema mbele ya watu kuwa mwanamke anayejisafisha vizuri hapati maradhi haya. Neno lile halijanitoka mpaka leo.

Mwaka jana wifi yangu mkubwa, anayeishi Muscat, aliniletea kopo la unga mweupe kwa mkono wa mtu aliyekuja harusini. Juu limeandikwa D-mannose. Akanitumia sauti ndefu ya WhatsApp kunieleza: hii si dawa, ni sukari ya asili iliyomo kwenye matunda, inawang'oa vijidudu kwenye kibofu. Nikoroge kijiko kwenye bilauri kubwa ya maji asubuhi, mchana na usiku, na kila bilauri niimalize. Nikafanya hivyo. Somo, wallahi nilipumzika. Miezi ilipita sijui kuungua ni nini. Wifi nilimwombea dua kila nikisali.

Ramadhani ilipoingia nikawa nakunywa mara moja tu, wakati wa daku. Haukufika mwisho wa mfungo ikarudi, na safari hii ikaja na maumivu ya kiuno. Nikanunua vidonge, nikavinywa kimya kimya. Wifi sikumwambia, mume wangu sikumwambia.

Sasa wifi anataka kuniletea katoni nzima niuze. Mzigo ataulipia yeye, mimi niuze, faida tugawane. Ameshanitengenezea na tangazo la kuweka statasi: "Dawa ya asili ya UTI, antibayotiki basi tena." Chini yake yamo maneno yangu mwenyewe niliyomwambia siku zile nilipokuwa nimepata nafuu. Mume wangu amefurahi sana. Yeye ni dereva wa watalii, na ikiingia masika huwa hakuna kitu. Na wifi huyu ndiye aliyelipia operesheni ya mume wangu, ndiye anayelipa ada ya skuli ya mwanangu mkubwa. Nikikataa nitaonekana sina shukurani. Nikikubali, nitamjibu nini mtu atakayeniuliza kama nimepona?

Halafu kuna jirani yangu, ameshasikia habari za unga huu. Amekuja kuniomba kidogo kwa ajili ya binti yake mwenye mimba ya miezi mitano. Binti analalamika maumivu chini ya kitovu na mkojo unamchoma, na vidonge hataki kwa kuogopea mtoto. Nimemwambia kopo limekwisha. Halijaisha, lipo kabatini.

Naomba uniambie, sukari hii inatibu au haitibu? Niuze au nisiuze? Na nizungumze vipi na wifi bila ya kuvunja udugu?

Mke wa watu, Fuoni

---

Waaleikumu salaam mwanangu,

Nianze na binti wa jirani, kwa sababu yeye hawezi kusubiri mpaka mambo yako na wifi yatengenee. Mjamzito anayeungua mkojo na kuumwa chini ya kitovu ni wa kupelekwa kliniki mapema, akapimwe. UTI ya mimba ni nyepesi kupanda hadi kwenye figo, na ikifika huko inaweza kumletea mama homa kali na uchungu kabla ya wakati. Hofu yake ya vidonge naielewa. Lakini zipo antibayotiki ambazo madaktari wamezitumia kwa wajawazito miaka mingi, na huchagua ipi ampe kwa kutazama mimba ina miezi mingapi. Sukari yako kwa wenye mimba haijachunguzwa vya kutosha. Ulipomwambia mama yake kuwa kopo limekwisha ulimkinga na jambo moja, lakini bado amekaa nyumbani na binti anayeumwa. Mpitie leo. Mwambie mjamzito mwenye dalili hizi hangoji, na ukiweza fuatana nao. Habari za kopo si lazima uzifungue.

Sasa tuje kwako. Nilivyokuelewa ni hivi. Unaumwa maradhi yanayorudi rudi, ukapata kitu kilichokupa raha kwa miezi, aliyekupa ni mtu mwenye wema mkubwa kwenu, na sasa maneno yako ya furaha yanataka kufanywa tangazo wakati wewe mwenyewe maradhi yamekurudia na umeyaficha. Umeniuliza kuhusu kuuza, lakini nikikusoma naona kinachokukosesha usingizi ni lile tangazo kuliko katoni yenyewe. Kama nimekosea utaniambia.

Na lile neno la mavyaa, mwanangu, lishushe. Njia ya mkojo ya mwanamke ni fupi, na ipo karibu na njia ya haja kubwa. Vijidudu vinavyoishi tumboni mwetu bila tabu hupata pa kupita mpaka kwenye kibofu. Wanawake wasafi kabisa hupata, na tendo la ndoa lenyewe, halali ya Mungu, huongeza nafasi ya kupata. Anayejiosha ndani kwa sabuni na madawa kwa kutaka usafi zaidi anaweza kujizidishia matatizo. Hukufanya lolote la aibu.

Tuitazame sukari yenyewe. Manosi, hiyo D-mannose iliyoandikwa kwenye kopo, ni sukari ya kweli na ni ya asili. Ina atomi zilezile za glukosi, ila zimepangwa tofauti kidogo. Imo kwenye matufaha na machungwa, na hata mwili wako unaitengeneza kiasi. Aliyokueleza wifi kuhusu kuwang'oa vijidudu hakuyabuni. Bakteria anayeleta UTI nyingi anaitwa E. coli, naye ana vinyweleo vidogo mno ambavyo ncha zake hushika manosi iliyomo kwenye ukuta wa kibofu, kama kishonanguo kinavyoshika kanga. Ukinywa manosi, sehemu yake hupita mwilini bila kutumika na kutoka na mkojo. Fikra ni kwamba bakteria ashike ile inayopita badala ya kushika ukuta, kisha atoke nayo. Kwenye maabara jambo hilo linaonekana. Mwilini mwa mwanamke anayepika, anayelea na anayefunga, hesabu imekuwa ngumu zaidi.

Mwaka 2014 ulitoka uchunguzi wa Kroatia uliofanywa kwa wanawake 308 kwa miezi 6. Waliokunywa gramu 2 za manosi kila siku, maradhi yaliwarudia kama 15 katika kila 100. Wasiopewa kitu yaliwarudia kama 60 katika 100. Ukisoma hapo tu unaweza kununua katoni mbili. Lakini wanawake wale walijua wanakunywa nini, na anayejua amepewa kitu na anayejua hakupewa hawajioni sawa. Mwaka 2024 Waingereza wakatoa uchunguzi mwengine wa wanawake 598, gramu 2 hizohizo, miezi 6 hiyohiyo. Safari hii wengine walipewa unga wa sukari nyengine, fruktosi, bila ya kujua nani kapewa nini. Waliokunywa manosi, 51 katika 100 walirudi kwa daktari na dalili za UTI. Waliokunywa fruktosi walikuwa karibu 56. Tofauti hiyo ni ndogo kiasi kwamba inaweza kuwa ni bahati tu.

Usiisome habari hiyo ukadhani wifi amekudanganya. Yeye amekupa alichokiamini, na wengi duniani wanakiamini. Nataka tu utenge mambo mawili: kitu kutokuwa na madhara makubwa, na kitu kuwa dawa. Kwa mtu mzima mwenye afya manosi haina kishindo, ila tumbo linaweza kujaa gesi au kuharisha ukizidisha, na mwenye kisukari asianze bila ya kumwambia daktari wake.

Hebu sasa nikuulize mimi. Kabla ya kopo, ulikuwa unakunywa maji kiasi gani kwa siku? Wengi wetu tunakunywa chai asubuhi, maji kidogo na chakula, basi, na jua letu hili. Wifi alipokwambia umalize bilauri kubwa tatu kwa siku, aliongeza maji mwilini mwako bila ya kukusudia. Mwaka 2018 ulitoka uchunguzi wa wanawake 140 waliokuwa wakinywa maji kidogo na kupata UTI mara kwa mara. Nusu yao waliambiwa waongeze lita 1 na nusu ya maji kila siku. Kwa mwaka mzima hawa walipata UTI chini ya mara 2 kwa wastani, na wenzao zaidi ya mara 3. Maji matupu, bila ya unga wowote. Na kwako ilirudi lini? Ilirudi Ramadhani, kijiko kilipobaki kimoja na bilauri ikabaki moja. Sisemi kuwa nimepata jawabu. Huenda ni unga, huenda ni maji, huenda ni vyote viwili, na huenda ingerudi tu. Ila kwenye tangazo lile limeandikwa jawabu moja, kwa kinywa chako.

Swali langu la pili linanitia wasiwasi zaidi. Nani aliyekwambia kuwa kila mara ilikuwa ni UTI? Umesema wewe mwenyewe kuwa siku hizi hupimi. Umesema pia mkojo huwa na wekundu, na umekulia shamba Pemba. Nakuuliza kama mama: ulipokuwa mdogo mlikuwa mkifua na kuoga mtoni au bwawani? Kichocho kimekuwa cha kwetu Unguja na Pemba kwa muda mrefu, na ingawa kimepungua sana baada ya miaka ya kugawa dawa maskuli na kwenye shehia, hakijaisha. Minyoo yake hutoka kwa konokono wa maji baridi, huingia kwa ngozi, na inaweza kukaa mwilini miaka ikitoa damu kwenye mkojo. Kwa mwanamke inaweza kuathiri hata viungo vya uzazi. Dawa yake ni prazikwanteli, na manosi haiigusi hata kidogo, wala antibayotiki haiigusi. Yapo pia maradhi mengine yanayochoma mkojo ambayo mke na mume hutibiwa pamoja. Siyasemi kukutisha wala kumtuhumu mtu. Nayasema kwa sababu dalili unazozijua wewe zinashirikiana na maradhi zaidi ya moja.

Na vidonge vya duka la dawa, leo hivi kesho vile, dozi unaimaliza au ukipata nafuu unaviweka? Vijidudu hujifunza. Usugu wa dawa ndio unaowafanya watu watibiwe kwa sindano maradhi yaliyokuwa yakitibika kwa vidonge vichache. Omba mkojo wako uoteshwe maabara, ili ijulikane ni kijidudu gani na dawa gani inakiweza. Mwambie daktari wazi kuwa umekulia Pemba na kwamba umeona damu, akutazamie na kichocho. Na kama yale maumivu ya kiuno yatarudi pamoja na homa, kutetemeka au kutapika, nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Biashara sasa. Naona milango zaidi ya ile miwili uliyoiona, na kila mmoja una hatari yake.

Unaweza kuuza kama wifi alivyopanga, kwa tangazo lile. Pesa itaingia, masika itapita, na nyumbani kutakuwa na amani kwa muda. Lakini atakuja mtu kama binti wa jirani, asome "antibayotiki basi tena", aache dozi aliyopewa. Yakimfika ya kumfika, mlango atakaougonga ni wako wa Fuoni, wifi yuko Muscat. Na bidhaa za chakula na dawa zinazotoka nje ziko chini ya macho ya Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, ZFDA. Kuuza kitu kwa jina la dawa bila ya kibali chao kunaweza kukuletea mzigo kukamatwa na maneno mengine juu yake.

Unaweza kuuza kwa maneno ya kweli: kirutubisho, si dawa, si kwa wajawazito, mwenye homa au damu aende hospitali. Hapo kwanza muulize ZFDA kinachotakiwa. Hatari ya njia hii ni kwamba huenda wanunuzi wakawa wachache, na wifi akaona umeiua biashara kwa mkono wako. Pia utasema nini wakikuuliza habari zako? Unaweza kusema "nilipata nafuu, kisha ilinirudia, na sijui kwa nini." Ni maneno ya kweli, lakini jiulize kama utaweza kuyasema mara hamsini.

Unaweza kukataa. Hapo unaogopa deni la wema, na hofu yako ina msingi, kwa sababu ada ya skuli si jambo la kuchezea. Ila nikuulize: wifi amewahi kusema au kuashiria kuwa ada ile ina sharti? Katika barua yako sikuliona. Alimlipia ndugu yake operesheni na anamsomesha mtoto wa ndugu yake kabla biashara hii haijazaliwa. Inawezekana umembebesha ubaya ambao hata hajaufikiria. Inawezekana pia unamjua zaidi yangu, na kuna mambo hukuyaandika. Wewe ndiye utakayepima.

Na unaweza kumwomba akusubiri kwanza. Hapo unanunua muda wa kupimwa, hakuna aliyevunjiwa heshima, lakini ukichelewa sana katoni itafika bandarini na uamuzi utakuwa umefanyiwa.

Nani wa kuanza naye? Mimi ningetamani mume wako ajue kabla ya dada yake. Umemficha kuwa uliumwa, kwa hiyo furaha yake juu ya biashara imesimama kwenye habari ambazo hazijakamilika. Huenda akikusikia ukisema "iliponirudia Ramadhani niliumwa mpaka kiuno" atajali mgongo wako kuliko katoni. Huenda pia akaona unakatisha riziki, na masika inamtazama usoni. Chagua wakati ametulia, watoto wamelala, na mwambie habari za afya yako peke yake kwanza. Ya biashara yaache siku ya pili.

Kwa wifi, mtumie sauti badala ya maandishi, asikie upendo ulioko kwenye koo lako. Unaweza kusema hivi: "Wifi yangu, kopo lako lilinipumzisha miezi na dua zangu kwako hazijakoma. Lakini nikufiche nini, Ramadhani ilinirudia na nikameza vidonge. Naenda kupima nijue ni nini hasa. Maneno yangu yatoe kwenye tangazo kwa sasa, nisije nikamwambia mtu jambo nisilo na hakika nalo." Humo hujakataa wala hujakubali. Umemwambia tu hali ilivyo, na umempa nafasi ya kukujibu kama dada. Akikasirika, mwache siku mbili tatu kabla hujamwandikia tena.

Kopo la kabatini, ukitaka kuendelea nalo mwenyewe baada ya kupimwa, sioni ubaya, na mweleze daktari kuwa unalitumia. Maji usiyapunguze hata likiisha. Na mfungo ukija tena, panga kunywa kidogo kidogo kuanzia futari mpaka daku, usiyakusanye yote saa ya mwisho.

Ukiniandikia tena niambie maabara wameona nini na mume wako alisema nini. Hayo mawili yanaweza kubadilisha mengi katika haya niliyokuandikia.

Somo wako